Walitupitisha Nyuma ya Soko

Jiwe la kwanza liligonga ngoma. Nililisikia kabla ya kuliona, mlio mmoja mkavu, nikafikiri mume wangu amekosea mdundo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. La pili lilimpata yeye, juu ya sikio la kushoto. Hakuanguka. Alishuka polepole, goti moja, halafu la pili, akaiweka ngoma mbele yake kwa adabu kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, akainua mikono. Damu ilishuka kwenye kanzu nyeupe mpaka ikafika kwenye msalaba mwekundu wa kifuani, na hapo sikujua tena ipi ni damu na upi ni uzi.

Nyuma yake sote tukapiga magoti. Akina mama, wazee, watoto wa kwaya, katikati ya lami, miguu mitupu, mikono juu, na mawe yanakuja. Mtu mwingine yeyote Nairobi hii angekimbia. Mwizi angekimbia, polisi angekimbia. Sisi tulipiga magoti kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na kulikuwa na mtu aliyejua kwamba ndivyo tutakavyofanya.

Siku hiyo sikujua kwamba yupo. Nilichoona ni roshani ya ghorofa ya pili upande wa kulia, na vijana wawili wamesimama hapo na kamera kubwa, ile ya kusimamishwa kwa miguu mitatu. Kamera ya namna ile mtu haichomoi mfukoni. Inabebwa, inapandishwa ngazi, inafungwa, inaelekezwa. Ilikuwa imeelekezwa barabarani kabla hatujafika.

Wacha nirudi nyuma niseme vizuri, maana hasira ndiyo imenianzishia hapa.

Tunaishi Kangemi, kule chini karibu na mto, na kazi yangu ni kufulia watu nguo Mountain View, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Mume wangu alikuwa fundi wa rangi. Majumba mengi ya matajiri wa Karen yenye kuta nyeupe zisizo na alama ya brashi, ni mkono wake. Shule niliachia darasa la tano. Kusoma najua, Biblia nimeimaliza zaidi ya mara moja, na kuandika ndiko huku.

Waliofanya jambo hili nitawataja. Majina sitayaandika, la mmoja wao limeandikwa kwenye kuta za mji huu, na rangi bado haijatoka. Nitawataja kwa viti vyao. Wa kwanza ni mheshimiwa, ambaye wakati ule alikuwa bado anakitafuta hicho kiti. Wa pili ni mtaalamu wake wa mikakati ya kampeni. Wa tatu ni askofu wetu. Nimewapanga kuanzia aliye mbali na mimi hadi aliye karibu, na aliye karibu ndiye anayeniuma.

Kanisa letu ni la wale mnaowaona Jumapili barabarani. Kanzu nyeupe, vilemba, bendera mbele, ngoma katikati, miguu mitupu hata mvua ikinyesha. Wenye magari hutupigia honi. Makanisa makubwa yenye viti vya kitambaa hutuona watu wa nyuma, watu wa kutetemeka. Tumezoea. Na tuna sababu ya kuwa hivyo tulivyo.

Wazee walioanzisha kanisa hili kule kwetu magharibi walikuwa waumini wa misheni. Walibatizwa, wakafundishwa kuimba wakiwa wamesimama wima kama nguzo za stima. Halafu Roho akawashukia, wakaanza kulia na kutetemeka na kupiga ngoma, na misheni ikawafukuza kwa sababu ngoma ilikuwa kitu cha giza. Wakashona kanzu zao wenyewe. Siku moja walikuwa njiani wakitoka kuombea mgonjwa, wakakutana kivukoni na watu wa chifu wenye marungu. Wao mikononi walikuwa na misalaba ya mbao tu. Wangeweza kukimbia, mto ulikuwa na maji kidogo. Wakapiga magoti. Baadhi yao hawakuinuka.

Hadithi hiyo kila mtoto wetu anaijua kabla hajajua kuhesabu. Kila mwaka tunaikumbuka kwa siku nzima ya kufunga. Ila kuna kipande ambacho huwa hakitajwi sana madhabahuni, bibi yangu ndiye aliyeniambia akichambua mboga. Alisema wale wenye marungu walikuwa Wakristo pia. Walikuwa wametoka ibadani asubuhi ile ile, wamekula mkate wa Bwana, ndipo wakaenda kivukoni. Nilimuuliza bibi, sasa Mungu alikuwa upande gani? Akasema, upande wa waliopiga magoti. Nikaridhika. Nilikuwa mtoto.

Mtaalamu alikuja kwetu mara ya kwanza Jumapili moja wakati kampeni zilipoanza kupamba moto. Mtu wa Karen, makamo ya miaka thelathini na kitu, sauti ya upole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavua na soksi, akakaa nyuma kabisa kwenye benchi la wageni. Baada ya ibada hakusema habari za kura hata kidogo. Alisema anapenda historia, akaomba wazee wamsimulie kanisa lilitoka wapi. Hebu fikiria. Tangu nijue kanisa hili hakuna mtu aliyesoma aliyewahi kutuuliza swali hilo. Wazee walimiminika kama bomba lililopasuka. Chai ililetwa, ikapoa, ikaletwa nyingine.

"Wazee wangu," akasema, "mimi historia nimeisoma hadi chuo kikuu, na hii hakuna aliyeniambia."

"Watakuambia aje," mzee mmoja akamjibu, "na wao ndio walikuwa wanatupiga?"

Tukacheka. Yeye pia alicheka, halafu akaangalia mikono yake, akauliza polepole:

"Kwa hivyo hata leo mtu akiwapiga mtapiga magoti?"

Mume wangu ndiye aliyejibu. Alikuwa anafuta ngoma na kitambaa.

"Hata leo. Wewe tuletee tu wa kutupiga, utaona."

Hiyo ilichekesha watu zaidi ya ile ya kwanza.

Alirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Ndipo akamleta mheshimiwa. Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu kuna watu wakinisikia wanadhani mimi ni mtu wa upande ule mwingine. Mimi si wa upande ule. Yale mheshimiwa aliyoyasema siku ile niliyapigia makofi na leo ningeyapigia tena. Alisema nyumba ni baba na mama na watoto wao. Alisema baa zisifunguliwe karibu na shule. Alisema kamari ya simu inakula vijana wetu wakiwa wamekaa kitandani, na mimi nina mtoto wa kiume ambaye imemla hivyo hivyo, nikimtazama. Alisema watoto waombe kabla ya masomo. Ni nini hapo cha kukataa? Nilikuwa nayasema hayo nikifua, yeye alikuwa tu na kipaza sauti.

Mtaalamu alikutana na viongozi wa kanisa baada ya hapo, na mimi nilikuwemo kwa sababu ndimi niliyesimamia kanzu za akina mama. Alituambia kitu ambacho bado nakigeuzageuza kichwani kama mtu aliyekosa usingizi anavyogeuza mto.

"Mnajua shida ya mtu anayesali katika mji huu?" alisema. "Kila mmoja anafikiri yuko peke yake. Anaona baa, anaona mabango, anaona televisheni, anadhani dunia yote imeshamwacha. Hawezi kuamka asubuhi kwenda kupiga foleni ya kura kwa sababu ya sera. Ataamka akijua anapigwa vita. Kazi yangu ni kumwonyesha vita iko wapi."

"Na iko wapi?" akauliza mume wangu.

"Iko, mzee. Iko."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nimejaa. Nilitembea haraka kuliko kawaida. Nilijiona mtu wa maana, mtu wa jeshi fulani. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniambia kwamba kufunga kwangu na kilemba changu vinahesabika kwenye mambo ya serikali.

Askofu wetu naye alipewa chake. Msifikiri ni bahasha. Ingekuwa bahasha ningemwelewa upesi zaidi, na pengine ningemsamehe. Alialikwa mjini, hoteli kubwa ya katikati, kwenye maombi ya asubuhi ya viongozi wa dini. Maaskofu wenye pete vidoleni, wachungaji wenye walinzi, na yeye kati yao na kanzu yake ya kushonwa Kangemi. Jumapili iliyofuata alitusimulia kuanzia mlangoni hadi mayai ya kifungua kinywa. Alisema, "Kiti kilikuwa na jina langu." Alilirudia hilo. "Hawakuniuliza mimi ni nani. Kiti kilikuwa na jina langu." Akina mama walipiga vigelegele. Mimi pia. Tulikuwa tumesimama nje ya nyumba za wakubwa miaka yote ile, na sasa mmoja wetu amekaa ndani.

Mume wangu peke yake ndiye aliyeuliza tukiwa njiani kurudi: "Na chifu wa leo ni nani?"

Sikumwelewa. Nilimwambia aache maneno.

Ikafika Jumapili ya mkutano mkubwa wa maombi ya mheshimiwa, kwenye uwanja upande wa Jamhuri. Mabasi yalitupakia Kangemi, tukashushwa Ngong Road. Mpango ulikuwa tushuke, tujipange, tuandamane kwa ngoma hadi uwanjani ili watu watuone tukiingia. Jambo la kwanza ambalo halikukaa sawa ni askofu. Mtu huyu tangu awe askofu hajawahi kukosa kutangulia mbele na fimbo ya msalaba, miguu mitupu. Hata mwaka aliofiwa na mama yake alitangulia. Siku hiyo alikuwa kwenye gari la mheshimiwa. Alishusha kioo akasema mguu unamsumbua, atatupokea uwanjani. Mguu ule nilikuwa nimeuona siku iliyotangulia ukipanda mteremko wa mto bila taabu.

La pili ni gari la vipaza sauti. Lilitutangulia mbali kidogo, na upepo ulikuwa unaleta maneno vipande vipande. Nilisikia "watoto wasio na baba". Nikasikia "walevi". Nilidhani ni kampeni ya mtu mwingine. Kumbe lilikuwa limepita kwenye barabara ya nyuma ya soko, mahali ambapo vijana wa mpinzani wana kibanda chao, likawatukana mama zao kwa jina la Yesu, na kuwaambia watu wa Mungu wanakuja kusafisha mtaa. Halafu likaondoka. Halafu tukaja sisi.

Kwenye njia panda vijana wenye fulana za kampeni walitukatisha kushoto.

"Kwani si moja kwa moja?" mume wangu akauliza. Alikuwa amepaka rangi nyumba upande huo, barabara anazijua.

"Huku ni karibu, mzee."

"Huku si karibu. Huku ni kuzunguka."

"Askofu ndiye amesema, mzee. Songa, watu wanangoja."

Basi. Askofu amesema. Mume wangu alipandisha mkanda wa ngoma begani akageuka kushoto, na sisi tukageuka nyuma yake. Yaliyofuata nimeshayasema.

Uwanjani, nasikia, mheshimiwa aliinua ngoma iliyopasuka juu ya kichwa chake mbele ya umati wote. Sikuwepo, nilikuwa hospitali nimeshika kanzu mkononi kwa sababu nesi aliniambia ama niishike ama itupwe. Lakini picha niliiona, kama ninyi nyote mlivyoiona. Ilipita kwenye simu za mji mzima kabla mume wangu hajashonwa. Mume wangu amepiga magoti, mikono juu, damu, msalaba. Majirani ambao huwa hawatusalimii walikuja kulia nyumbani kwetu. Watu ambao hawakuwa na mpango wa kupiga kura waliapa kupiga. Mheshimiwa alisema kwenye redio kwamba ameahirisha kila kitu, na kwamba atakuja mwenyewe nyumbani kumwona mzee huyu shujaa wa imani. Alishinda. Si kwa kura chache.

Kisha bango likapandishwa Ngong Road, karibu na njia ya kuingilia Jamhuri, la kuwashukuru wapiga kura. Mume wangu, urefu wa nyumba.

Nitaeleza mume wangu alivyo sasa, halafu mtaelewa kwa nini siwezi kukaa kimya. Mkono wa kulia haumtii, na sikio la kushoto halisikii. Maneno humpotea, anajua anataka chumvi, anaonyesha, anacheka, anasema "kile cheupe". Kuna siku ananiita kwa jina la dada yake. Brashi hawezi kushika, ngoma hawezi. Lakini siku ile anaikumbuka yote. Hilo halijampotea. Na ana furaha nayo.

Aliniomba nimpeleke alione bango. Nilikataa mara kadhaa, mwishowe nikampeleka. Tulisimama kwenye vumbi pembeni ya barabara, magari yanapita, yeye ameshika mkono wangu na ameangalia juu, kofia imeanguka.

"Nimekuwa mrefu," akasema.

"Umekuwa mrefu, mzee."

"Na shati... na hiyo... kanzu. Uliifua vizuri."

"Niliifua vizuri."

Halafu akasema, bila neno kumpotea hata moja: "Wale wa kivukoni hawakupata hata picha. Mungu ameniweka pamoja na wao."

Alilia, na alikuwa analia kwa raha. Kwake yeye jiwe lile halikuwa hasara. Lilikuwa cheo. Maisha yake yote alisikia habari za waliopiga magoti, akajiuliza kama yeye angeweza, na siku ilipofika aliweza. Hilo ndilo alilobaki nalo. Mkono umekwenda, kazi imekwenda, majina ya watoto yanakwenda na kurudi, hilo limebaki.

Na kila Jumapili baada ya chakula alikuwa anavaa koti na kukaa mlangoni, kumsubiri mheshimiwa. Redio ilisema atakuja.

Ndiyo sababu nilikwenda mjini. Sikwenda kudai kitu. Nilikwenda kusema, mwambieni mheshimiwa aje hata dakika chache, amsalimie, aende zake, ili huyu mtu avue koti. Ofisi iko katikati ya mji, jengo la vioo, lifti ina sauti ya mwanamke. Nilikuwa na viatu vizuri. Mheshimiwa hakuwepo. Mtaalamu ndiye aliyekuwepo, na alinijua palepale, akainuka, akaniletea chai kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, karibu sana. Mzee anaendeleaje? Yule mzee, nakuambia. Yule mzee ndiye alishinda uchaguzi huu."

Nikamwambia habari za koti. Akaandika kitu kwenye simu, akasema ataona. Alikuwa mchangamfu, mtu aliyeshiba kazi yake. Pengine ndiyo sababu alizungumza. Pengine alidhani mimi nilikuwa najua.

"Unajua tulikuwa tumebaki nyuma," alisema. "Tulikuwa na ujumbe mzuri, lakini ujumbe hautoshi. Watu walihitaji kuona. Na ninyi mna kitu ambacho hakuna kanisa lingine linacho. Ningewapitisha watu wa kanisa lingine pale, wangekimbia, na picha ya watu wanaokimbia haina maana yoyote."

Nilishika kikombe. Nikamuuliza, "Ulitupitisha wewe?"

"Tulijua watarusha kitu, mama. Maneno, chupa za maji, nyanya. Wako karibu na soko." Akatikisa kichwa. "Mawe hatukutarajia. Hiyo iliniumiza sana. Ukweli wa Mungu."

"Na ile gari ya kutukana?"

Hapo ndipo alipoelewa kwamba sikuwa najua. Niliona uso wake ukifungwa kama duka. Akasema kampeni huwa na watu wengi, si kila mtu anafuata maagizo. Akaangalia saa.

"Askofu wetu alijua njia?"

"Mama, hayo mzungumze na askofu. Sisi hatukumficha askofu kitu. Yeye ni kiongozi, aliona faida ya kanisa."

Niliacha chai. Sikupanda lifti, nilishuka kwa ngazi, na nilipofika chini sikuweza kutulia. Nilitembea. Nilipita River Road, nikapanda hadi Uhuru Highway, nikashika Waiyaki Way kwa miguu mpaka Kangemi, na nilipofika nyumbani sikuweza kukaa, nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Tangu siku hiyo hali yangu ni hiyo. Nikikaa kanisani nasimama. Nikisimama natoka nje. Akina mama wananiuliza, dada, kwani una nini, Roho au malaria? Nacheka nao. Ni nani nitamwambia, na nikimwambia yeyote litamfikia mume wangu jioni ile ile?

Kwa sababu hapo ndipo penye kisu. Nikinyamaza, nimewafichia waliotupitisha pale. Nikisema, nimemnyang'anya mume wangu kile kimoja alichobakiziwa. Atajua hakupigwa kwa ajili ya imani. Atajua alipelekwa kama mbuzi wa picha, na waliompeleka wanaimba nyimbo zetu.

Nilimwendea askofu. Nilimkuta kanisani akipanga viti vipya. Tuna viti vya plastiki sasa, vyeupe, na bango la kanisa limepakwa upya. Nilimwambia nilichosikia.

"Dada," akasema, "kanisa hili limetambuliwa na serikali kwa mara ya kwanza tangu kivuko. Unaona jambo dogo?"

"Nimekuuliza kama ulijua njia, baba askofu."

"Hata wazee wetu walipigwa. Damu yao ndiyo ilijenga kanisa."

"Wazee hawakupelekwa kivukoni na askofu wao."

"Mungu anaweza kutumia hata mpango wa mwanadamu."

"Ulijua?"

"Nenda ukaombe, dada. Una uchungu, na uchungu ni mlango."

Alinifungulia ule mwingine, wa mbao, nikatoka.

Niliomba, kwa kuwa aliniambia niombe. Na katika kuomba nikasoma tena habari za yule shemasi wa kwanza kupigwa mawe hadi kufa. Nimeisoma mara nyingi, na siku zote nilikuwa nimeangalia mawe. Safari hii niliangalia pembeni. Wale wapigaji walivua mavazi yao wakayaweka miguuni pa mtu mmoja aliyesimama hapo. Yeye hakurusha jiwe. Alilinda nguo, na alikubali. Mtu huyo baadaye akawa mkubwa kuliko wote kanisani. Lakini tunajuaje kwamba alilinda nguo? Kwa sababu yeye mwenyewe alisema. Alisimama mbele ya watu akakiri kwamba alikuwepo, alikubali, alishika nguo zao. Hakungoja mjane wa shemasi aende kumtafuta.

Mheshimiwa simdai. Atabadilisha chama, atakufa mheshimiwa, hiyo ni kazi yake. Mtaalamu naye nimemwachia Mungu, ingawa sijui Mungu atamfanya nini mtu aliyevua hadi soksi ili asikilize. Vijana waliorusha mawe, wawili walishikwa, wameshafungwa, na walikuwa wametukanwa kwanza. Aliyebaki ni wewe, baba askofu. Ulibatiza watoto wangu. Wewe ndiye uliyemfundisha mume wangu kwamba hatukimbii, kisha ukapanda gari.

Sikuitishi viti wala dawa. Yeye yuko nyumbani kila siku, na atafurahi kukuona, atataka kusimama akupishe stuli yake na mguu utamkataa. Njoo kabla maneno haya hayajamfikia kwa mtu mwingine. Usije na wazee wa kanisa na usianze na wimbo. Kaa mbele yake, karibu, upande wa sikio linalosikia, umwambie kama ulijua tunapitishwa wapi siku ile, au hukujua. Mimi nitakuwa hapo kando. Akikuuliza kwa nini, usinitazame mimi. Mjibu.